Maswali yenu: Uko kwenye mashine ya kusafisha damu, habari za kupandikizwa figo uanze kuzijua lini?

Toleo lililopita niliandika kipande kifupi tu, kwamba mgonjwa anayesafishwa damu asikae akisubiri siku moja aitwe aambiwe "sasa tunakupandikiza figo", aanze kujifunza sasa hivi akiwa bado yuko kwenye mashine. Basi meseji zimemiminika, Mtwara mjini, Newala, Masasi, Lindi, Kilwa, mpaka Liwale. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na yale ya chakula peke yake nimeyaweka kando kwa ajili ya toleo lijalo maana yanataka nafasi yake.

Shikamoo Dada Nesi. Nina miaka 34, presha ndo iliyoniharibia figo, nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huu mwaka wa pili. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanieleza kupandikizwa figo ni nini hasa. Ninachojua nimekisikia kwa wagonjwa wenzangu, mmoja anasema wanakutoa figo zako zote mbili, mwingine anasema ukipandikizwa unaishi miaka michache tu kisha basi. Nianzie wapi? – Kijana, Mtwara mjini

Marahaba mdogo wangu. Kwanza niseme hili linaniuma, mtu mwaka wa pili anakaa kwenye kiti saa nne nne, mara tatu kwa wiki, halafu taarifa anazipata kwa mwenzake wa kitanda cha pembeni ambaye naye kazisikia kwa mtu. Wenzako hawana kosa, wanakupa walichonacho.

Sasa tuyanyooshe. Figo zako kwa kawaida hazitolewi, zinaachwa hapohapo mgongoni zilipo, labda kama zinasumbua sana, zina usaha usioisha au zimevimba kupita kiasi. Figo mpya inawekwa mbele, chini ya tumbo upande wa kulia au kushoto, inaunganishwa na mishipa mikubwa ya damu inayoelekea mguuni na mrija wake unashonewa kwenye kibofu. Ndo maana aliyepandikizwa ukimwomba anaweza akakuonyesha mahali ilipo kwa kidole.

Kuhusu kuishi: kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 1999, waliwalinganisha waliopandikizwa na wagonjwa wenzao waliobaki kwenye mashine wakisubiri zamu, wakaona kwa muda mrefu hatari ya kufa kwa waliopandikizwa ilikuwa chini kwa 68%. Lakini utafiti huohuo ulisema wiki mbili za mwanzo baada ya operesheni hatari inakuwa juu kuliko ya yule aliyebaki kwenye mashine, na hilo nalo mgonjwa aambiwe, asifichwe. Figo iliyotoka kwa mtu aliye hai kwa wastani inafanya kazi miaka 15 hadi 20, wengine inapita hapo, wengine haifiki. Haikuponyi moja kwa moja, ni matibabu mengine, unahama kutoka kwenye mashine unahamia kwenye vidonge vya kila siku. Ila unakunywa maji, unasafiri, unafanya kazi.

Na siyo lazima kwenda India kama zamani. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini Novemba 2017, wakishirikiana na madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma wakaanza Machi 2018 wakishirikiana na Wajapani. Sisi wa Kusini safari yetu bado ni ndefu, lakini ni ya basi siyo ya pasipoti.

Wewe anza hivi, nunua daftari. Siku daktari wa figo akipita muulize figo zangu ziliharibiwa na nini hasa, maana presha inaweza kuharibu figo na figo zilizoharibika nazo zinaleta presha, na kuna magonjwa yanayoweza kurudi kwenye figo mpya kwahiyo chanzo lazima kijulikane mapema. Muulize group langu la damu ni lipi. Halafu muulize swali hili hivihivi lilivyo: "Mimi nafaa kupandikizwa? Kama sifai, kinachonizuia ni nini, na kinaweza kurekebishwa?" Akikujibu andika, usipoelewa mwambie arudie, ni haki yako kabisa. Kinachozuia mara nyingine ni jino bovu, au moyo haujapimwa, au uvutaji sigara, au uzito, na vitu kama hivyo vinataka miezi kuvishughulikia. Sasa ukianza kuvijua siku ambayo mtoa figo kashapatikana, umechelewa.

Mimi ni mama wa Newala. Mwanangu wa kiume, miaka 27, yuko mashine. Mimi nilijitolea kumpa figo wakasema group langu B na yeye ni O, haiwezekani. Nduguze wapo watatu. Nikaitisha kikao, kaka zangu wakaja juu, wakasema mnataka kuua wawili badala ya mmoja, na kwamba mwanaume mwenye figo moja siyo mwanaume tena, hazai halimi. Mwanangu tangu siku hiyo hataki hata kulizungumza. Niwaombeje watu hawa? – Mama mzazi

Pole sana mama. Ulichofanya cha kujitolea wewe mwenyewe kwanza ni kikubwa.

Ntakwambia ninavyoona. Kile kikao kilianza mwisho. Watu waliitwa wakaombwa kiungo cha mwili kabla hawajafundishwa chochote, na mtu akiombwa kitu asichokijua jibu lake ni hofu, na ile hofu mjomba akiitamka mbele ya ukoo imeshakuwa uamuzi. Huku kwetu unajua mwenyewe neno la mjomba kwa watoto wa dada yake lina uzito gani, iwe kwa Wamakonde, Wayao au Wamwera. Kwahiyo kaka zako ndo watu wa kwanza wa kufundishwa, kabla hata ya hao watoto. Na mkikaa tena msiombe kitu. Semeni mapema kabisa kwamba leo hakuna anayeombwa figo, leo tunataka tujue ugonjwa wa kijana wetu na matibabu yake.

Na aongee mtu mwingine, siyo mgonjwa, na ikiwezekana siyo wewe. Mgonjwa kuomba figo kwa mdomo wake ni mzigo mzito mno, anaona kama anaomba roho ya mtu, ndo maana mwanao kanyamaza. Kule Marekani hospitali ya Johns Hopkins walibuni utaratibu, mgonjwa anachagua rafiki au ndugu mmoja, huyo ndo anafundishwa kila kitu kisha anakuwa msemaji wake kwa watu, na waliofanya hivyo watu wa kujitolea walijitokeza zaidi. Utafiti mwingine wa hukohuko uliochapishwa 2007 uliwatuma waelimishaji mpaka nyumbani kwa wagonjwa, wakakaa na familia na marafiki sebuleni, na matokeo yake wagonjwa hao walipata watoa figo kuliko wale walioelimishwa kliniki peke yao. Sisi kukaa barazani na kuongea hatuhitaji kufundishwa na mtu, tunachokosa ni mtu mwenye taarifa sahihi katikati ya hicho kikao. Ombeni nesi wa kitengo au daktari aje, kama hawezi kuja apigiwe simu awekwe spika kila mtu asikie na aulize anachotaka, hata cha aibu.

Sasa mambo ya kuwaeleza hao wajomba. Operesheni ya kwanza ya kupandikiza figo iliyofanikiwa duniani ilifanyika Boston Disemba 1954, daktari anaitwa Joseph Murray, mapacha wa kufanana, Ronald Herrick akampa figo Richard. Richard aliishi miaka minane zaidi. Ronald, yule aliyetoa, aliishi na figo moja hadi 2010, akafa na miaka 79. Miaka 56 na figo moja, na kazi yake ilikuwa ualimu na ukulima.

Figo inayobaki inaongeza kazi yenyewe, baada ya muda inafikia kama 70% ya uwezo wa zile mbili, na hiyo inatosha kabisa kwa mtu mzima mwenye afya. Nguvu za kiume haziko kwenye figo, mbegu haziko kwenye figo. Mwanaume anazaa kama kawaida na analima kama kawaida akishapona kidonda. Lakini msiwaambie hakuna hatari, kwasababu ipo na wakija kuigundua baadaye hawatawaamini tena. Huko Marekani walifuatilia watoa figo zaidi ya 80,000 na ripoti ikatoka 2010, waliokufa ndani ya siku 90 walikuwa kama watatu kwa kila 10,000. Na kwa muda mrefu mtoa figo ana hatari kidogo zaidi ya presha na ya figo yake kuchoka kuliko angebaki nazo mbili, ndo maana anapimwa mpaka kila kitu, na mwenye sukari au presha isiyotulia anakataliwa hata akilia.

Kuhusu group: mwanao kama ni O anapokea kwa O tu. Ile chanya na hasi haina shida kwenye figo, msihangaike nayo. Nduguze wa baba mmoja mama mmoja wanaweza wakawa O, na ukiacha group kuna kufanana kwa tishu, ndugu wa tumbo moja na baba mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa, nafasi mbili kati ya nne ya kufanana nusu, na moja iliyobaki hawafanani. Kutofanana siku hizi si mwisho wa habari kwasababu dawa zimekuwa nzuri. Kinachoweza kuzuia ni kile kipimo cha kuchanganya damu ya mtoaji na ya mpokeaji, kama damu ya mpokeaji inazishambulia chembe za mtoaji hapo hawaendelei.

Jambo la mwisho mama yangu, na hili nakuomba walisikie hao vijana watatu: anayejitolea ana ruhusa ya kughairi siku yoyote, hata asubuhi ya operesheni, na anatakiwa aongee na madaktari akiwa peke yake bila ndugu mlangoni. Akisema hataki, basi, asitengwe, asinunwe. Mtu akijua ana mlango wa kutokea ndo anathubutu kuingia kusikiliza.

Mimi ndo mdogo mtu, Masasi. Nimekubali kumpa kaka figo na vipimo vya mwanzo viko vizuri. Mke wangu hataki kusikia. Mimi ni mkulima wa korosho, sina mshahara. Nitakaa bila kazi muda gani? – Mdogo mtu

Hongera kwa moyo wako, ila mkeo naye ana haki ya kuogopa. Yeye ndo atakayekuogesha, yeye ndo atabaki na watoto. Safari ijayo ya hospitali nenda naye aulize mwenyewe, wanawake wengi ninaowafahamu wakijibiwa na daktari uso kwa uso wanatulia, na asipotulia pia utakuwa umejua mapema.

Hospitalini mtoaji anakaa siku chache, mara nyingi haifiki wiki au inazidi kidogo kutegemea na upasuaji, ule wa matundu madogo unapona haraka kuliko wa kupasua ubavu. Kazi nyepesi wiki nne hadi sita. Kubeba gunia, kupanda mnazi, kubeba mashine ya kupulizia salfa mgongoni, hapana mpaka daktari aruhusu, usijipime kwa kusikia nafuu kwasababu kidonda cha ndani kinachelewa.

Kwahiyo angalieni kalenda ya shamba. Kupulizia mikorosho ni kuanzia katikati ya mwaka, kuokota ni Oktoba mpaka Disemba, hela za mnada zinaingia hapohapo. Mimi ningekushauri operesheni ipangwe baada ya kuuza, na kabla ya hapo ukoo ukae useme wazi nani atapalilia shamba lako, nani atalisha nyumba yako hiyo miezi, na nauli na chakula cha anayekuuguza kinatoka wapi. Iandikwe. Huko kusaidiwa siyo kuuza figo, ni kumfidia mtu asipate hasara kwa wema wake. Baada ya hapo presha na mkojo na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi) vipimwe kila mwaka maisha yako yote, na diklofenaki za dukani kila ukiumwa mgongo uziache.

Kuna mtu kanitumia namba, anasema anapata watu wa kutoa figo kwa hela. Nimechoka na mashine. – Mgonjwa, Lindi

Usimpigie. Najua umechoka na sikulaumu kwa kuchoka. Lakini biashara ya viungo inapigwa vita dunia nzima, Azimio la Istanbul la 2008 limeikataa wazi, na hapa kwetu figo inatoka kwa ndugu aliye hai na hospitali inachunguza undugu wenu kabla ya kitu chochote. Huyo mtu ama atakula hela yako apotee, ama atakupeleka mahali ambapo mtoaji hakupimwa vizuri na wewe utarudi na figo yenye maambukizi na hakuna anayejua ulipewa dawa gani.

Je dini inaruhusu? Mimi ni Muislamu, mke wangu ni Mkatoliki, na kila upande una maneno yake. – Kilwa Masoko

Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikaa Jeddah Februari 1988 likaruhusu kupandikiza kiungo kutoka kwa mtu aliye hai kama kuna dharura na mtoaji hapati madhara ya kuharibu maisha yake, na likakataza kuuza. Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo wa Pili aliongea na madaktari wa upandikizaji Roma Agosti 2000 akasema kutoa kiungo kwa hiari ni tendo la upendo, naye akakataa biashara. Mpelekeeni sheikh na padri hayo mawili waongee nanyi kwa pamoja kama inawezekana, maana watu wetu wanamsikiliza sheikh wao wa mtaa kuliko karatasi ya Jeddah.

Dada, mimi damu inashuka kila mara, naongezewa chupa. Mwenzangu kaniambia inaharibu nafasi ya kupandikizwa. Kweli? – Mtwara, Chikongola

Mwenzako yuko sahihi. Kila ukiongezewa damu ya mtu mwingine mwili wako unaweza kutengeneza askari dhidi ya tishu za watu, na siku ya kile kipimo cha kuchanganya damu wale askari wanaikataa figo ya ndugu yako. Ujauzito nao unaweza kufanya hivyohivyo, mama anaweza kutengeneza askari hata dhidi ya tishu za mumewe. Hii haimaanishi ukatae damu ukiwa umezidiwa, damu inaokoa maisha. Ila mwambie daktari wako wazi "mimi nataka kupandikizwa", ili wajitahidi kwa sindano za kuongeza damu na madini ya chuma kwanza. Hili ni jambo ambalo kila mgonjwa alitakiwa kuambiwa wiki ya kwanza anapoanza mashine, naliandika kwa herufi za kawaida lakini natamani ningeweza kulipiga kelele.

Nina miaka 25, sijaolewa, niko mashine. Hedhi imekata. Nikipandikizwa nitazaa? Na nasikia zile dawa zinaharibu mtoto. – Binti, Ruangwa

Mwanangu, wengi hedhi inarudi ndani ya miezi michache figo mpya ikishafanya kazi, na inaweza kurudi bila kukuaga, kwahiyo mambo ya uzazi wa mpango yaongelewe kabla ya operesheni siyo baada. Kuzaa inawezekana, wanawake wengi duniani wamezaa. Wanashauri usubiri angalau mwaka mmoja, figo iwe imetulia, presha imetulia. Na ni kweli dawa moja inaitwa maikofenoleti inaharibu ujauzito, inatakiwa iachwe angalau wiki sita kabla ya kushika mimba na daktari akubadilishie nyingine, mara nyingi azathioprini. Usiiache mwenyewe hata siku moja. Ujauzito wako utakuwa wa kufuatiliwa hospitali kubwa, siyo zahanati, jipange kwa hilo. Kama kuna kijana anakuchumbia, mlete kliniki.

Huku Liwale mvua ikinyesha barabara inakata. Hizo dawa za kila siku nitazipataje? Na dawa za kienyeji je, nikichanganya? – Liwale

Swali lako ni zuri kuliko unavyofikiri, kwasababu moja ya sababu kubwa za figo kupotea baada ya mwaka wa kwanza ni mtu kuruka dawa. Zile kuu ni takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, unazimeza muda wote ambao figo inafanya kazi, na takrolimasi inataka saa ileile, kila baada ya saa kumi na mbili, saa moja asubuhi na saa moja usiku mpaka unazeeka. Mwili haukubali kabisa kwamba ile figo ni yako, unatulizwa tu na dawa, ukiacha unaamka.

Kwahiyo omba akiba ya miezi miwili kabla masika hayajaanza, na ukipanda basi dawa zikae kwenye mkoba mapajani, siyo kwenye buti. Miezi ya mwanzo usifikirie Liwale kabisa, utatakiwa ukae karibu na hospitali iliyokupandikiza kwasababu kliniki ni mara kwa mara na dozi inabadilishwa kwa kipimo cha damu, kwahiyo hesabu ya pesa iwe na chumba cha kupanga Dar au Dodoma kama miezi mitatu hivi kwa watu wawili. Watu wanachangishana hela ya operesheni wanasahau kodi. Na bima yako ulizia mapema inalipia nini, operesheni, vipimo vya mtoaji, dawa za baadaye, kila kimoja peke yake, na ujibiwe kwa maandishi.

Dawa za kienyeji usichanganye. Hata balungi tu, tunda la kawaida, linapandisha takrolimasi kwenye damu mpaka inageuka sumu kwa figo yenyewe. Dawa za TB kinyume chake, zinaishusha. Kila mtu anayekuandikia dawa, hata ya fangasi, mwambie kwanza kwamba umepandikizwa. Na neti kila usiku, malaria yetu hii haimwonei huruma mtu aliyepunguziwa kinga.

Mimi ni nesi, niko kitengo cha kusafisha damu mkoa mmoja wa Kusini. Tunataka kuanza kufundisha wagonjwa kuhusu kupandikizwa lakini tuko wachache na kazi ni nyingi. Tunafanyaje? – Mwenzako kazini

Umenifurahisha sana. Saa zile nne mgonjwa yupo mbele yako na hana pa kwenda, hiyo ndo darasa lako, lakini usimfundishe mwishoni, saa ya mwisho presha imeshuka, kachoka, hasikii kitu. Fundisha saa ya kwanza au ya pili. Kidogo kidogo, dakika kumi tu, jambo moja kwa siku, leo group za damu, wiki ijayo figo inakaa wapi. Sumu ikijaa mwilini akili inakuwa nzito, atasahau, rudia bila kumsuta. Hata unyagoni mwari hafundishwi siku moja, anaimbiwa lilelile mpaka linakaa.

Ukimaliza usimuulize "umeelewa?" maana atakujibu ndiyo. Mwambie "ukifika nyumbani utamwelezaje mkeo?" halafu sikiliza, hapo utajua kilichoingia na kilichopotea. Asiyejua kusoma mchoree. Mzee anayeelewa Kimakonde vizuri zaidi mtafutie anayeongea Kimakonde, hili si dogo, nimeona mtu anaitikia Kiswahili cha hospitali mwaka mzima na hajui hata neno moja la kilichosemwa.

Na mlete mtu aliyepandikizwa aje akae nao, aeleze na mabaya yake pia, uso uliovimba kwa prednisoloni, usiku wa hofu, gharama. Akija na ndugu aliyemtolea figo ndo vizuri zaidi, wagonjwa na ndugu zao wamwone anatembea. Siku moja kwa mwezi waiteni wasindikizaji ndani, wale wanaokaa nje chini ya mti wanasubiri, mtoa figo wa kesho mara nyingi ni mmoja wao. Wasiotaka kupandikizwa waheshimuni, wengine wamelipima wakaona mashine inawatosha, na wengine moyo au kansa au maambukizi hayaruhusu na hao wanahitaji waambiwe ukweli kwa upole, wasiachwe wakining'inia. Lakini asiwepo anayekosa kupandikizwa kwasababu tu hamkumwambia. Mkiwa wachache anzeni na walioingia mashine mwezi huu, hao bado miili yao haijachoka na ndugu zao bado wanakuja kwa wingi.

Nina umri wa miaka 67, nasafishwa damu Lindi. Nimeshachelewa? – Mzee, Lindi

Shikamoo mzee wangu. Umri peke yake haukufungii mlango, kinachoangaliwa zaidi ni moyo wako, mishipa, nguvu za mwili kwa jumla na kama kuna ugonjwa mwingine. Wapo wa umri wako wanaopandikizwa, na wapo wa miaka 40 wanaokataliwa. Mwombe daktari akupime moyo kwa ultrasaundi na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), umwone daktari wa meno, na hepatitisi B (homa ya ini) upimwe upate chanjo kama huna, maana chanjo inashika vizuri zaidi sasa kuliko ukishaanza dawa za kushusha kinga. Kwenye kiti usiruke hata siku moja na maji uzingatie ili ukienda kupimwa moyo usikutwe umejaa. Siku ya kumuuliza daktari nenda na mmoja wa vijana wako ashike kalamu aandike majibu.